Kilima cha Mathilde, Njia ya Alexandra

Katikati ya mji wa Darmstadt, kusini kidogo ya Frankfurt, upo uwanja uitwao Luisenplatz. Jina ni la mwanamke, Luise. Lakini ukiinua macho unayemwona ni mwanamume: Ludwig wa Kwanza wa Hesse, mumewe, kasimama juu ya nguzo ya mawe mekundu inayokaribia mita 40, tramu zikipita miguuni pake mchana kutwa. Wenyeji wamempa jina la utani, Ludwig Mrefu.

Mwenyeji wangu alinipokea chini ya nguzo hiyo, Jumamosi moja ya Juni. Ni muuguzi, mzaliwa wa Pangani, amekaa Ujerumani zaidi ya miaka 20. Alikuwa na simu sikioni.

“Karibu kaka. Ngoja niwamalize hawa wa nyumbani,” akasema, akarudi kwenye maongezi yake. Sikutaka kusikiliza, lakini neno moja lilinifikia mara tatu: posa.

Na mimi posa ndizo zilizonileta. Hesse-Darmstadt ilikuwa nchi ndogo. Haikuwa na bandari wala makoloni, na jeshi lake halikumtisha jirani yeyote. Kilichoifanya ijulikane katika kila ikulu ya Ulaya ni mabinti. Kwa muda wa miaka 150 hivi, ukoo huu ulioza wasichana wake Berlin, Weimar, Baden na Petersburg. Wawili kati yao wakawa wake wa matsar wa Urusi, na wa tatu alikuwa mke wa mrithi, akafa kabla mumewe hajatawazwa.

Huyo wa tatu ndiye anayetuhusu hapa chini ya nguzo.

Mwaka 1773 Catherine wa Pili wa Urusi alikuwa anamtafutia mwanawe Paul mke. Mshenga alikuwa Friedrich wa Pili wa Prussia, ambaye mrithi wake alikuwa tayari ameoa Darmstadt; akiipata Urusi nayo kwa mlango huo huo, mrithi wa Berlin na mrithi wa Petersburg wangekuwa mashemeji. Basi mama wa Darmstadt, Karoline, akafunga safari na mabinti zake watatu ambao hawajaolewa: Amalie, Wilhelmine na Luise. Mama na wasichana watatu wanapelekwa kwa bwana harusi ili achague! Kwetu mshenga hubisha hodi nyumbani kwa msichana. Kule msichana ndiye aliyepelekwa kubisha hodi, na wote watatu walijua kwamba wawili watarudi bila kuchaguliwa. Paul akamchagua Wilhelmine, msichana wa miaka 18. Akabadilishwa dhehebu, akaitwa Natalia Alekseyevna, akaolewa mwaka huo huo. Aprili 1776 alikufa uzazini, na mtoto hakupona.

Miezi michache baadaye Paul alikwisha oa tena. Bibi harusi mpya, Sophie Dorothea wa Württemberg, alikuwa mchumba wa mtu. Mchumba huyo alikuwa Ludwig wa Darmstadt, kaka wa marehemu. Uchumba ukavunjwa, Catherine akamtuliza kijana kwa fedha, na mjane wa dada yake akamchukua mchumba wake. Mwaka uliofuata Ludwig akaoa binamu yake Luise, ndiye mwenye uwanja. Nilipoitazama tena ile sanamu baada ya kukumbuka kisa hiki, urefu wa nguzo ulinipungukia kidogo.

Mama yao, Karoline, yuko mwendo wa dakika chache kutoka hapo, katika bustani ya Herrngarten, ambako wanafunzi hulala kwenye nyasi na vitabu vimewafunika nyuso. Alifariki Machi 1774, miezi tu baada ya safari ya Urusi, na kwa matakwa yake akazikwa bustanini. Kaburi ni kichuguu cha udongo kilichomezwa na mimea itambaayo. Friedrich wa Prussia alimtumia mtungi wa marumaru wenye maneno ya Kilatini: kwa jinsia ni mwanamke, kwa akili ni mwanamume. Mshenga alidhani anasifu. Mwenyeji wangu, nilipomtafsiria, alicheka kwa sauti hadi mwanafunzi mmoja akaondoa kitabu usoni.

Ni yeye aliyenionyesha jambo ambalo vitabu nilivyosoma havikuniambia. “Wewe angalia majina ya mitaa,” alisema. “Mji huu una majina ya wake.” Kweli. Kuna Luisenplatz. Kuna Wilhelminenstraße, ya Wilhelmine aliyetoka Baden. Kuna kilima cha Mathildenhöhe, cha Mathilde aliyeletwa kutoka Bavaria mwaka 1833. Kuna Alice, aliyetoka Uingereza, ambaye mwenyeji wangu alimjua kwanza kama jina la hospitali. Majina ya mabinti waliozaliwa hapa wakaozwa mbali, ukiyataka, inabidi uyafuate walikoolewa. Marie, aliyezaliwa Darmstadt mwaka 1824, jina lake liko Petersburg, kwenye jumba la Mariinsky, moja ya kumbi mashuhuri kuliko zote za opera na baleti duniani.

Marie aliolewa kwa bahati. Mwaka 1839 mrithi wa Urusi, Alexander, alikuwa akizunguka Ujerumani akiwa na orodha ya wasichana waliokubaliwa na baba yake. Darmstadt haikuwa kwenye mpango. Alilala usiku mmoja tu, akakaribishwa ukumbi wa michezo, na pale akamwona msichana wa miaka 14. Minong’ono ilikuwapo kwamba Marie hakuwa binti wa damu wa mtawala, maana mama yake alikuwa ameishi mbali na mumewe kwa miaka. Alexander hakubadili nia. Wakaoana mwaka 1841, na miaka 14 baadaye msichana yule akawa mke wa Tsar.

Kwa nini hapa, na si kwingine? Sababu hazikuwa za kimapenzi. Sheria ya Urusi ya mwaka 1820 ilitaka mke wa mwana wa mfalme awe wa ukoo unaotawala. Asiyetoka humo, watoto wake hawarithi. Mkatoliki kwa kawaida hakubali kuhamia Kanisa la Kiorthodoksi. Binti wa dola kubwa huja na madai ya baba yake. Baada ya kuchuja hivyo, chekechekeni hubaki Walutheri wa nchi ndogo za Ujerumani: damu safi kwa hesabu zao, dini inayobadilika, na baba asiyeweza kuleta vita. Udogo wa Darmstadt ndio uliokuwa bidhaa yake.

Tulipanda Mathildenhöhe kwa miguu. Juu yake pamesimama jengo ambalo halisahauliki: mnara wa matofali wenye urefu wa mita 48, kileleni umegawanyika mapindo matano kama kiganja kilichonyooshwa kuapa. Unaitwa Hochzeitsturm, Mnara wa Harusi. Msanifu wake ni Joseph Maria Olbrich, na mji uliujenga mwaka 1908 kumpongeza mtawala wake Ernst Ludwig kwa kuoa mwaka 1905. Tangu 2021 kilima chote ni Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Mapambo ya mlangoni ni ya harusi, na kazi ya mnara leo ni hiyo hiyo: watu wa Darmstadt hufungia humo ndoa zao za bomani. Tulikuta bibi harusi wa pili wa siku hiyo akisubiri zamu yake, viatu mkononi, mpambe wake akimpulizia uso kwa karatasi. Nilihesabu wageni 11. Hakuna aliyeulizwa ukoo wake.

Kisichoandikwa mnarani ni kwamba harusi inayosherehekewa ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya kifalme hasa. Ernst Ludwig na Victoria Melita walikuwa mtoto wa dada na mtoto wa kaka, wote wajukuu wa Malkia Victoria, na bibi huyo ndiye aliyewasukuma. Waliozwa Coburg tarehe 19 Aprili 1894, mbele ya nusu ya Ulaya yenye mataji. Ndoa ikashindwa mapema. Alipokufa yule bibi mwaka 1901 hawakungoja hata mwaka uishe, wakaachana Desemba. Watu wa pwani wanaojua faida na hasara za kuoza mtoto wa ami hawatahitaji maelezo zaidi.

Coburg ile ile, siku iliyofuata harusi, ndiko dada mdogo wa bwana harusi alikokubali posa aliyoikataa kwa miezi. Huyu ni Alix. Na kwake hatuwezi kufika bila kupitia kwa mama yake.

Alice alikuwa binti wa pili wa Malkia Victoria. Aliolewa Julai 1862 katika chumba cha kulia cha nyumba ya Osborne, chini ya miezi saba baada ya kifo cha baba yake, na waliohudhuria waliona kama mazishi yanaendelea. Kwetu mahari hutoka kwa mwanamume. Katika koo hizi mali ilifuatana na binti. Bunge la Uingereza lilimpa Alice pauni 30,000 na posho ya pauni 6,000 kwa mwaka, na fungu hilo la kwanza likamezwa na nyumba waliyojijengea Darmstadt, Neues Palais. Alice alizaliwa 1843. Salme binti Said wa Unguja, aliyezaliwa 1844, alikuja Ujerumani miaka mitano tu baada yake, kwa njia iliyo kinyume kabisa: kwa kutoroka, akimfuata mfanyabiashara wa Hamburg asiye na ukoo wowote wa kutaja. Wasichana wawili wa ikulu, rika moja, katika nchi moja ya ugeni. Mmoja aliletwa na hati ya Bunge, mwingine na moyo wake na tumbo lililokuwa limeanza kuonekana.

Alice hakukaa kitako. Alianzisha mafunzo ya wauguzi, akaandikiana na Florence Nightingale, akaingia mwenyewe katika wodi wakati wa vita. “Ndiyo maana tuna hospitali,” alisema mwenyeji wangu kwa sauti ya mtu wa kazi moja na marehemu. Lakini nyumbani bahati ilimkimbia. Mwanawe Friedrich, mtoto wa miaka miwili na nusu, alianguka dirishani mwaka 1873 na akafa jioni, kwa sababu damu yake haikuweza kuganda. Hemofilia ilikuwa imesafiri kutoka London ndani ya mahari isiyoandikwa popote. Mwaka 1878 dondakoo liliingia nyumbani. Binti mdogo, May, akafa Novemba. Alice alimficha Ernst Ludwig habari ile kwa siku nyingi. Alipomwambia, mtoto alilia sana, naye akamkumbatia. Tarehe 14 Desemba, siku aliyokufa baba yake miaka 17 kabla, Alice alifariki. Alikuwa na miaka 35.

Wakabaki mabinti wanne, na bibi yao Uingereza akawa kungwi kwa barua.

Kungwi hakusikilizwa. Ella, binti wa pili, alipendwa na mjukuu mwingine wa Malkia, Wilhelm, aliyekuwa akisoma Bonn na kuja Darmstadt kila alipopata nafasi kumtazama binamu yake. Ella alikataa. Wilhelm huyo ndiye baadaye aliyekuwa Kaiser, ambaye kwa jina lake babu zetu wa Tanga na Pangani walitozwa kodi. Ella akaolewa Petersburg mwaka 1884 na Sergei, mwana wa yule Marie wa ukumbi wa michezo. Bibi hakuipenda Urusi, na aliandika kurasa kwa kurasa kuilalamikia.

Mwaka ule ule dada mkubwa, Victoria, aliolewa hapa hapa Darmstadt, tarehe 30 Aprili, na binamu wa baba yake, Louis wa Battenberg. Jina Battenberg lilikuwa la kubuni: baba yake Louis alikuwa ametoroka na binti wa heshima wa dada yake, mwanamke asiye wa daraja lake, na watoto wakanyimwa jina la Hesse, wakapewa la mji mdogo. Malkia alikuja kwa harusi. Jioni ile, wageni wakiwa bado mezani, baba wa bibi harusi alichepuka na kufunga ndoa ya siri na Alexandrine von Kolemine, mtalaka wa mwanadiplomasia wa Urusi. Habari zilipovuja, Malkia hakuelewa wala hakutaka kuelewa. Alimtuma mwanawe akamweleze mkwe, na ndoa ile ikafutwa na mahakama ndani ya miezi. Yaani mwanamume mtawala wa nchi, mjane kwa miaka mitano, alizuiwa na mama wa mke aliyekufa asioe!

Irene, wa tatu, aliolewa na Heinrich wa Prussia, binamu wa damu, na wanawe wawili katika watatu walikuwa na ugonjwa ule wa damu.

Alix alikuwa mgumu kuliko wote. Mwaka 1890 alimkataa mrithi wa pili wa Uingereza, Albert Victor, na bibi yake, pamoja na uchungu wake, alikiri kwamba msichana ana msimamo. Nikolai wa Urusi alimpenda. Kikwazo kilikuwa dini. Alilia siku nzima Coburg, akizungukwa na jamaa, Kaiser mwenyewe akimbembeleza, hadi akasema ndiyo tarehe 20 Aprili 1894. Novemba baba mkwe akafa. Alix aliingia Petersburg nyuma ya jeneza, na harusi ikafungwa juma moja baada ya maziko. Akapewa jina Alexandra Fyodorovna.

Hatua mia moja hivi kutoka Mnara wa Harusi lipo kanisa dogo la Kirusi lenye kuba za dhahabu, limewekwa mbele ya bwawa kama kito kwenye kikuba. Nikolai alilijenga kati ya 1897 na 1899 ili mkewe apate pa kusali akija kwao, na udongo uliowekwa chini ya msingi ulisafirishwa kwa treni kutoka Urusi. Msichana aliyelia kwa kuacha Ulutheri alirudi nyumbani na akasali juu ya udongo wa kwa mume. Karibu na hapo nyumba za wasanii zimepangwa kando ya njia iitwayo Alexandraweg. Nilisimama chini ya kibao kile muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Hatimaye binti aliyeozwa mbali ana njia kwao. Lakini si Alix iliyoandikwa.

“Salme naye akawa Emily,” mwenyeji wangu alisema. Alibatizwa na kuolewa Aden siku moja, 30 Mei 1867. Tulikaa kwenye ukingo wa bwawa bila neno, hadi simu ilipolia tena na safari hii alisogea mbali.

Yaliyobaki juu ya wale dada yanajulikana, kwa hiyo nitayapitia upesi. Mwana wa Alix, Alexei, alizaliwa 1904 na hemofilia. Familia iliuawa Yekaterinburg usiku wa Julai 1918. Ella, ambaye mumewe aliraruliwa na bomu Moscow mwaka 1905, ambaye alikwenda gerezani kuonana na muuaji, ambaye aliuza vito vyake akafungua nyumba ya watawa ya kuhudumia maskini, alitupwa katika shimo la mgodi kule Alapayevsk siku iliyofuata. Maiti yake ilibebwa hadi Beijing, kisha Yerusalemu, ikazikwa 1921 katika kanisa la Maria Magdalena. Kanisa hilo wana wa Marie wa Darmstadt walilijenga kwa kumbukumbu ya mama yao, na Ella alihudhuria lilipowekwa wakfu mwaka 1888. Leo sanamu yake iko pia kwenye ukuta wa Westminster Abbey, miongoni mwa mashahidi wa karne ya 20.

Neues Palais hutaiona tena. Usiku wa tarehe 11 Septemba 1944 ndege za Uingereza, nchi ya Alice, ziliuchoma mji wa Darmstadt, na watu zaidi ya 11,000 wakafa.

Saa kumi tukashuka hadi Rosenhöhe, bustani ya waridi yenye makaburi ya ukoo, ambayo lango lake lina simba sita juu ya nguzo za matofali. Majumba ya makaburi yalikuwa yamefungwa. Nje, chini ya miti, lipo kaburi la Elisabeth, binti pekee wa ile ndoa ya Coburg, aliyekufa kwa homa ya matumbo mwaka 1903 akiwa na miaka minane. Malaika wa kuchongwa amesimama juu yake. Si mbali na hapo wamelazwa wale wa mwaka 1937. Novemba ile mkuu kijana wa ukoo, Georg Donatus, mkewe Cecilie, wana wao wawili na mama yake Georg, Eleonore, bibi harusi yule wa Mnara wa Harusi, walipanda ndege kwenda London kwenye harusi ya ndugu yake Georg. Ndege ikagonga bomba la moshi karibu na Ostend, Ubelgiji. Hakupona mtu. Cecilie alikuwa mjamzito. Harusi ilifungwa kesho yake, bibi harusi kavaa nguo nyeusi.

Nyuma ya majeneza yale, barabarani Darmstadt, alitembea mvulana wa miaka 16, kaka wa Cecilie. Alikuwa Philip, mwana wa binti wa Victoria, yule dada mkubwa aliyeolewa siku baba yake alipochepuka. Baadaye alimwoa Elizabeth wa Uingereza. Mwaka 1993 wanasayansi walipotaka kujua kama mifupa iliyofukuliwa karibu na Yekaterinburg ni ya Alix na binti zake, walihitaji mtu wa ukoo wake kwa upande wa mama tupu, kwa maana kuna sehemu ya DNA ambayo mama humpa mtoto na baba haigusi. Wakamwomba Philip damu yake. Ikalingana. Mataji, mikataba na majina mapya yote yalikuwa yamekwisha, na bado mstari ulikuwa mzima kutoka Alice hadi Victoria, hadi binti yake, hadi kwa mzee wa miaka zaidi ya 70 aliyenyoosha mkono.

Tulitoka kwa lango la simba, tukasubiri basi. Mwenyeji wangu alikuwa amezima simu. Nilimwuliza kama mambo ya nyumbani yametengemaa.

“Binti yangu wa pili,” alisema. “Ameposwa. Kijana ni wa Muscat, bibi yake alizaliwa Pangani kama mimi. Wameniachia nijibu.”

“Muscat mbali,” nikasema.

“Mbali,” alikubali, akitafuta tiketi mkobani. “Lakini jina hawambadilishi. Nimekwisha uliza.”